Kabla ya Kukubali Kuongezewa Gesi

Nyumbani kwetu Kigamboni jokofu halikuwekwa kwa ajili ya soda. Mama yangu mzazi, ninayeishi naye tangu mwaka 2015, ana kisukari na huchoma sindano ya insulini asubuhi na jioni. Chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzijoto 2 na 8, pasipo kuganda hata mara moja, kwa kuwa insulini iliyowahi kuganda huwa imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji. Kwa hiyo kila jokofu lilipogoma, hesabu yangu haikuanzia kwenye samaki wala maziwa, bali kwenye kile kiboksi kidogo cha dawa kilichokaa rafu ya katikati. Hofu hiyo ndiyo iliyonifundisha kulijua jokofu kuliko nilivyotarajia, na fedha nyingi nilizopoteza njiani zilitokana na maneno mawili ambayo mafundi kadhaa waliyatamka hata kabla hawajafungua mkoba wao: "Gesi imeisha."

Jokofu letu la kwanza tulilinunua likiwa limeshatumika. Lilikuwa na mlango mmoja na friza ndogo kwa ndani juu, ya aina ile ambayo barafu hujijenga ukutani na mwenye nyumba ndiye wa kuiyeyusha. Pwani hewa ina unyevu mwingi. Mlango unapofunguliwa unyevu ule huingia, ukagusa bati la baridi na kuganda papo hapo, na katika nyumba yenye watoto watatu wanaofuata maji ya baridi kila baada ya dakika kumi, friza huziba ndani ya wiki chache. Nilikuwa nikiahirisha kuyeyusha kwa sababu kazi yenyewe hula nusu siku. Jumamosi moja nikataka kutoa mfuko wa pweza ulioganda ukashikamana na sakafu ya friza, nikachukua kisu cha jikoni na kuanza kuchokonoa taratibu pembeni ya mfuko. Kisu kikateleza. Nikasikia mlio mwembamba, pssss, kama wa tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba, ukadumu kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi, kisha kukawa kimya.

Lile bati la friza, kumbe, si bati tupu. Ni karatasi mbili za alumini zilizogandamizwa pamoja, na kati yake zimeachwa njia nyembamba ambamo gesi ya kupozea hupita, na ukuta unaoitenganisha gesi hiyo na ncha ya kisu ni mwembamba mno. Usiku kucha kompresa, ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi, iliunguruma bila kupumzika, na asubuhi tukakuta maji yametuama kwenye droo ya mboga na pweza amelainika.

Fundi wa kwanza aliziba tundu kwa gundi ya chuma, akajaza gesi, akalipwa, akaondoka. Jokofu likapoza vizuri kwa miezi miwili, kisha likaanza kudhoofika. Fundi wa pili akasema gesi imeisha, akaongeza. Haikupita miezi mitatu akaitwa tena, akaongeza tena, wala hakuuliza ile ya mwanzo imekwenda wapi. Mimi nami sikuuliza. Nadhani neno lenyewe ndilo lililonipoteza: tukisikia "gesi imeisha" tunaukumbuka mtungi wa kupikia, ambao kweli huisha kwa kuwa gesi yake inaungua, na tunaona ni jambo la kawaida kulipia mwingine.

Aliyenitoa katika upofu huo ni mzee mmoja ambaye jirani alinielekeza kwake, mtu wa maneno machache aliyeanza kazi hiyo ujanani. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza jokofu limeongezwa gesi mara ngapi. Nilipomwambia mara tatu ndani ya mwaka, aliweka mkoba chini akakaa kwenye stuli. "Mama," akasema, "gesi ya friji haiungui wala haipungui kwa matumizi. Inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, ujue kuna mahali imetokea, na asiyepatafuta mahali hapo anakuuzia upepo."

Kisha akanishika mkono akauweka juu ya mabomba ya nyuma ya jokofu, yale meusi yaliyosukwa kama wavu. Yalikuwa baridi kama ukuta. Akanieleza kwamba kompresa huikandamiza gesi hadi ikawa moto. Gesi ile hupita kwenye mabomba haya ya nyuma, ambako huacha joto lake na kugeuka kimiminika. Kimiminika kile husukumwa kupitia bomba jembamba sana hadi ndani ya friza, ambako hupanuka, huchemka na kuwa gesi tena, na kwa kuchemka kwake hufyonza joto la chakula. Joto unalolisikia nyuma ya jokofu ni lile lile lililotolewa kwenye samaki na maji yako, pamoja na la kompresa yenyewe. Ikiwa kompresa inaunguruma mfululizo, mabomba ya nyuma hayapati joto, na ndani ya friza ukungu wa barafu umejikusanya kwenye kona moja tu huku sehemu nyingine zikiwa kavu, hapo kweli una sababu ya kushuku kuwa gesi imepungua. Pasipo dalili hizo, mwenye jokofu ana haki ya kuomba maelezo zaidi.

Alijaza naitrojeni kwenye mfumo, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote na pale palipozibwa, akanipa tochi nimulike. Pembeni ya ile gundi kilitokea kipovu kidogo, kikavimba hadi ukubwa wa punje ya choroko, kikapasuka, kikafuatiwa na kingine. Fedha zangu zote za mwaka ule zilikuwa zimetokea kwenye tundu lile. Mzee aliniambia waziwazi kwamba gundi juu ya alumini inayovimba na kusinyaa kwa joto na baridi haidumu, kwamba dawa yake ni kubadilisha friza nzima, na kwamba kwa umri wa jokofu lile gharama haikustahili. Hakunitoza zaidi ya nauli na kazi ya kupima. Tangu siku hiyo katika nyumba yetu hakuna chuma kinachoingia kwenye barafu. Tunachomoa plagi, tunaacha mlango wazi, tunaweka sufuria la maji ya moto ndani ya friza juu ya kitambaa kilichokunjwa, na tunasubiri barafu iachie yenyewe. Tunayeyusha ikifikia nusu sentimita, wala hatungoji ijae.

Jokofu la pili tulinunua jipya, la milango miwili, la aina isiyojenga barafu. Kabla halijaingia ndani nilisoma kibandiko chake cha nyuma, kwa kuwa mzee alinisisitizia kwamba kibandiko hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha jokofu. Kiliandikwa gesi ya R600a, chini ya gramu 60. Gesi hii inawaka moto, tofauti na R134a iliyokuwa kwenye lile la zamani, na kiasi chake ni kidogo kiasi kwamba hakikadiriwi kwa macho wala kwa kugusa bomba. Hupimwa kwa mizani, baada ya hewa na unyevu kunyonywa kwa pampu na filta kubadilishwa.

Baada ya miaka miwili na nusu sehemu ya chini ikaanza kupoteza ubaridi, ilhali friza ya juu ilikuwa ingali inagandisha. Kipimajoto ninachokiweka karibu na dawa ya mama kilisoma nyuzijoto 11, kesho yake 13. Fundi kijana aliyekuwa karibu alikuja na mtungi wake begani na yale maneno mawili mdomoni. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa jokofu, kwa kuwa majokofu mengi ya siku hizi mabomba yake ya joto yamefichwa ndani ya kuta za pembeni, nikakuta ubavu una joto zuri. Nikamuuliza mtungi wake una gesi gani, akajibu R134a, na kwamba "zote ni zilezile." Si zilezile. Shinikizo la kila moja ni tofauti, mafuta ya ndani ya kompresa iliyotengenezwa kwa gesi moja huenda yasipatane na gesi nyingine, na anayewasha moto wa kulehemu kwenye mfumo wenye R600a bila kuitoa na kuisafisha kwanza anahatarisha nyumba pamoja na uso wake. Nilimshukuru, nikamlipa nauli yake, nikamwambia nitamwita.

Nilichokifanya badala yake hakikunigharimu chochote. Nilihamishia vyakula kwa jirani, nikachomoa plagi, nikaacha milango yote wazi kwa saa 24, na kutandaza mataulo sakafuni. Maji yaliyotoka yalijaza beseni la kuoshea vyombo. Nilipowasha tena, kufikia usiku sehemu ya chini ilikuwa nyuzijoto 4, na ikakaa hivyo siku tisa. Siku ya kumi ikaanza kupanda tena, na kwenye friza nikasikia mkwaruzo, kha-kha-kha, kama panga la feni linalogusa kitu.

Mzee alipofika nilimsimulia yote hayo, akatikisa kichwa kwa kuridhika kabla hajagusa kitu. Katika jokofu la aina hii kibaridisho, yaani yale mabomba yanayopoza, kimefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza, na feni ndiyo inayosukuma baridi kwenda chini. Barafu huganda pale pia, isipokuwa mara kadhaa kwa siku hita ndogo huwaka kwa muda, ikaiyeyusha, na maji yakashuka kwa bomba. Hita ikifa barafu huendelea kujijenga hadi inaziba njia ya hewa na kuishika feni. Friza hubaki na baridi kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, huku chini kukichacha. Alifungua ule ukuta wa plastiki kwa bisibisi, na nyuma yake kulikuwa na bonge la barafu nyeupe lililofunika kila kitu. Alipoiyeyusha akapima hita kwa mita: waya wake ulikuwa umekatika ndani. Hita mpya pamoja na kazi yake vilikuwa nusu ya bei aliyoitaja yule kijana kwa gesi ambayo jokofu halikuihitaji.

Siwalaumu mafundi wote, na siandiki haya ili mtu ajifanye fundi. Mfumo wa gesi na umeme wa ndani ya kompresa si mahali pa kujaribia. Ila yapo mengi yaliyo nje ya mfumo huo ambayo macho, masikio na viganja vya mwenye nyumba huyafikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na nimeshuhudia kwamba kasoro nyingi za jokofu letu zilikuwa huko huko nje.

Mpira wa mlango, kwa mfano. Kuna kipindi jokofu lilikuwa likifanya kazi muda mrefu kuliko kawaida, na uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zikaisha mapema kila nilipoangalia. Nilichukua noti ya shilingi elfu moja, nikaibana kwenye mlango nusu ndani nusu nje, nikaivuta. Upande wa juu ilikataa kutoka. Kona ya chini upande wa bawaba ilitoka kama imewekwa mezani. Mpira ulikuwa na mabaki ya juisi ya ukwaju yaliyokauka kwenye mikunjo yake, na pale chini ulikuwa umejikunja. Niliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa mswaki wa zamani, nikaukandamiza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto hadi ukalainika na kurudia umbo lake, nikapaka mafuta ya mgando kidogo sana. Pia nilipandisha miguu ya mbele ya jokofu kidogo ili liegemee nyuma na mlango ujifunge wenyewe mtoto anapouachia. Noti sasa hung'ang'ania pande zote nne.

Suala la umeme lilinisumbua zaidi, kwa sababu dalili zake zinafanana na kifo cha kompresa. Jioni moja jokofu likawa linaguna kwa sekunde chache, linatoa mlio wa tak, linanyamaza, na baada ya dakika kadhaa linarudia yale yale. Aliyekuja kuliona alisema kompresa imekufa. Mimi nilikuwa nimeshanunua mita ndogo, nikapima kwenye soketi saa 2 usiku: volti 178, wakati inayotakiwa ni 230. Asubuhi yake ilisoma 226 na jokofu likawaka bila tatizo. Kompresa huhitaji nguvu kubwa zaidi wakati wa kuanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshazunguka. Umeme ukiwa mdogo hushindwa kuanza, huvuta mkondo mkubwa, hupata moto, na kikinga kilicho ubavuni mwake huukata ili isiungue. Ule mlio wa tak ndio wa kikinga hicho. Tulikuwa tumezidisha tatizo kwa kulichomeka jokofu kwenye waya wa kurefushia, mwembamba, wa mita kumi, uliohudumia pia televisheni. Nikalihamishia kwenye soketi yake ya ukutani na kununua kifaa cha kulilinda, ambacho hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kusubiri huko kuna sababu yake: kompresa ikishazimika, shinikizo la pande zake mbili huchukua dakika tano hivi kulingana, na kuilazimisha ianze kabla ya hapo ni kama kumwamuru mtu anyanyue gunia huku mwingine amelikalia. Mwaka uliofuata mlio ule ule ulirudi umeme ukiwa mzuri, na safari hii ilikuwa rilei, kijisanduku kidogo kilichochomekwa kwenye kompresa ili kuisaidia kuanza. Mzee alipokitikisa kilisikika kimevunjika ndani, kama njuga. Kompresa ilikuwa nzima, na ingali inafanya kazi hadi leo.

Maji yanayotuama chini ya droo ya mboga mara nyingi ni tundu la nyuma lililoziba kwa jani la mchicha au punje ya wali. Maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano isiyo na ncha hulizibua. Maji hayo hushukia kwenye trei iliyo juu ya kompresa, ambako hukaushwa na joto lake, na trei hiyo husahaulika. Mwaka 2019, homa ya dengue ilipokuwa imeenea Dar es Salaam, nilivuta jokofu ili nifagie nikakuta kwenye trei viluwiluwi vya mbu wakipinduka majini, ndani ya nyumba ambayo madirisha yake yote yana nyavu. Sasa naiosha kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ile ile ninayofuta vumbi la nyuma, plagi ikiwa imechomolewa. Kwetu vumbi hilo huchanganyika na chumvi ya bahari, likaganda kwenye vyuma na kuvila, hivyo kitambaa chenye unyevu kidogo kikifuatiwa na kikavu hufaa kuliko brashi peke yake.

Kuhusu dawa, mahali pake ni rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma na tundu la hewa ya friza ambako inaweza kuganda, na mbali na mlango ambako joto hupanda na kushuka. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, jambo la kwanza ni kutofungua. Sehemu ya kawaida hushikilia baridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa, ikiwa imefungwa, hadi saa 48, ndiyo maana nafasi zote tupu za friza yetu zimejazwa chupa za maji. Ndani yake kuna pia kikombe cha barafu chenye sarafu ya shilingi mia juu yake: tukirudi safari tukaikuta sarafu imezama chini, tunajua chakula kiliyeyuka kikaganda upya, na hatukili.

Mama yeye ana imani na mtungi. Mwezi wa saba mwaka mmoja, umeme ulipokuwa umekatika siku mbili, alichukua mtungi mdogo akauweka ndani ya mkubwa, akajaza mchanga katikati, akaumwagia maji, akaweka insulini iliyofungwa kwenye mfuko mkavu na kufunika kwa kitambaa kilicholoa. Niliweka kipimajoto humo. Kivulini barazani kulikuwa na nyuzijoto 28, ndani ya mtungi 23, kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa mkavu na maji yalikuwa yakikauka haraka kwenye udongo. Mfamasia alikuwa ametueleza kwamba chupa ya mama inayotumika huvumilia wiki nne nje ya jokofu mradi joto lisivuke nyuzijoto 30, kwa hiyo mtungi ulitutosha kwa chupa hiyo. Nilijaribu tena mwezi wa pili, wakati wa kaskazi, na tofauti ikawa nyuzi mbili tu. Hewa ilikuwa imeshiba unyevu na maji hayakuwa na pa kwenda. Kwa miezi hiyo tunatumia chupa za barafu kwenye kasha la plastiki, dawa ikiwa imeviringishwa kwenye khanga ili isiguse barafu moja kwa moja.

Ubavuni mwa jokofu nimening'iniza daftari la kurasa arobaini kwa uzi. Humo ninaandika tarehe, nyuzijoto za asubuhi na jioni, volti ninapokuwa na shaka, na kila kitu fundi alichokigusa. Mzee alipokuja mara ya mwisho alilisoma daftari kwanza, akageuza kurasa mbili nyuma, kisha akaniuliza kwa nini tarehe 14 jioni jokofu lilifika nyuzijoto 9. Mama ndiye aliyejibu kutoka chumbani: siku hiyo mjukuu wake aliingiza sufuria la maharage likiwa linatoka moshi. Mzee akaandika pembeni, kwa kalamu yake mwenyewe, "maharage," akafunga mkoba bila kufungua skrubu hata moja.